Mgeni wa Kwanza wa Korongo la Nguruma

Jamhuri ya Taratibu haionekani kwenye ramani yoyote. Wenyewe wanaeleza kwamba huo si uzembe. Fomu ya kuomba kuwekwa kwenye ramani ilishapelekwa, ikarudishwa kwa kukosa kiambatisho, na kiambatisho kinachotakiwa ni ramani inayoonyesha nchi hiyo. Suala linashughulikiwa.

Katika nchi hiyo kuna mto uitwao Nguruma. Mto huo, kwa miaka mingi na bila kibali cha mtu yeyote, ulichimba korongo refu lenye kuta nyekundu pande zote mbili, na chini yake maji ya kijani yanayojikusanya kwenye vidimbwi vilivyotulia. Serikali ilipogundua kwamba korongo lilikuwepo muda wote huo bila kusajiliwa, ilishtuka. Ikalitangaza kuwa Hifadhi ya Taifa, ikawahamisha watu waliokuwa wakiishi kando ya mto na kuwapeleka juu mlimani, mahali pasipo na maji, ili wafaidi mandhari.

Langoni likawekwa bango kubwa. Mchoraji aliambiwa tu achore korongo, naye akachora ndege: miguu mirefu, shingo ndefu, kishungi cha manjano kichwani. Kwa kuwa bango lilishazinduliwa na Mheshimiwa Rais, haikuwezekana liwe na kosa. Wizara ikaagiza korongo wawili wenye mabawa ili hifadhi ifanane na bango lake. Walifunguliwa asubuhi kwa ngoma na hotuba, na kufikia mchana walikuwa wameshahamia nchi jirani. Mpaka leo wamo kwenye orodha ya watumishi. Wako likizo.

Mhifadhi Mkuu wa hapo aliitwa Idrisa Makwega, na inafaa isemwe mapema kwamba alikuwa mtu mwema. Hakuwa mla rushwa, hakuwa mlevi, na aliwasalimia hata wafagiaji. Tatizo lake lilikuwa moja: alipenda usalama kama wengine wanavyopenda pilau. Alipohamishiwa hapo kutoka mji mkuu, alikuta faili zenye taarifa za kuogofya. Mgeni mmoja aliteleza akakaa chini bila kukusudia. Mwingine aliumwa na nyuki kwenye sikio. Wa tatu alicheka sana mpaka meno yake ya bandia yakadondokea mtoni, nayo hayajaonekana tena.

Makwega alizisoma faili hizo akakosa hamu ya kula. Akachukua kalamu akaanza kuandika Kanuni za Wageni.

Kufikia mwisho wa mwaka alikuwa nazo mia moja na kumi na nne. Kanuni ya 4 iliruhusu mgeni kulitazama korongo, mradi asimame mita mia mbili kutoka ukingoni, mahali ambapo korongo halionekani. Kanuni ya 17 iliruhusu kuogelea, mradi nguo za mwogeleaji zibaki kavu muda wote. Kanuni ya 23 iliruhusu moto wa kupikia usiotoa moshi wala kuongeza joto. Kanuni ya 31 ilimtaka kila mgeni aondoke na takataka zake zote, pamoja na mwangwi wake. Kanuni ya 40 ilisema mbwa wote wafungwe kamba, na mgeni asiye na mbwa aje na kamba tupu kuthibitisha kwamba mbwa hayupo.

Matokeo yalikuwa ya ajabu. Kwa miaka mitatu mfululizo hakuna mgeni aliyeteleza, hakuna aliyeumwa na nyuki, hakuna aliyedondosha jino, kwa sababu hakuna mgeni aliyeingia. Njia zilikuwa safi. Malalamiko yalikuwa sifuri. Wizara ya Mandhari, Mapumziko na Nidhamu ilitazama takwimu hizo kwa machozi ya furaha, ikaamua kumpa Makwega cheti cha Hifadhi Bora na kumpandisha cheo, akawe Mkurugenzi huko makao makuu, katika ofisi yenye zulia. Waziri mwenyewe, Profesa Balthazari Ngogo, angekuja kukabidhi cheti hicho siku ya Alhamisi, saa sita mchana.

Alhamisi hiyo, saa mbili asubuhi, Makwega alikuwa anapiga pasi tai yake pale redio ya mezani ilipokoroma.

"Afande," ilisema sauti ya Koplo Nyamizi, askari wa lango. "Kuna mtu hapa."

"Mtu gani?"

"Mgeni, afande."

Makwega aliweka pasi chini. "Mwambie hajatimiza masharti."

"Ametimiza."

"Yapi?"

"Yote, afande. Nimehakiki mara mbili. Mara ya pili ilibidi nikae."

Makwega alifika langoni huku tai imening'inia upande mmoja. Chini ya lile bango la ndege alimkuta mama mtu mzima, mwembamba, wa miaka sabini na kitu, amevaa gauni la maua na raba nyeupe. Alibeba kikapu, sufuria ndogo, mkeka, na kamba ya mbwa iliyofungwa kwenye hewa tupu. Jina lake lilikuwa Sikudhani Lukindo.

Makwega alikusudia kuanza kwa ukali. Lakini alilelewa vizuri, na mdomo ukamtangulia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

Hapo tayari alikuwa ameshashindwa nusu. Akakohoa, akaomba nyaraka. Bi Sikudhani akatoa bahasha nene kama mto wa kulalia. Ilikuwamo barua ya mwenyekiti wa mtaa kuthibitisha kwamba hajawahi kuanguka mbele yake. Ilikuwamo barua ya imamu kwamba ni mtu wa kuamka mapema. Kilikuwamo cheti cha daktari kuhusu magoti, kingine kuhusu raba, na hati ya kiapo kwamba hana uhusiano wowote na nyuki.

"Mama, hizi umezipata kwa muda gani?"

"Miaka miwili na miezi minne. Cheti cha daktari wa raba ndicho kilichonichelewesha. Ilibidi kwanza nimshawishi kwamba yupo."

"Na shida yako hasa ni nini?"

"Shida sina. Nataka kuoga mtoni, ninywe chai, nirudi nyumbani."

Makwega alipekua kitabu cha Kanuni kutoka mbele kwenda nyuma, kisha kutoka nyuma kwenda mbele, akitafuta pa kumnasa. Hakuona kitu. Alichokiona ni Kanuni ya 114, aliyoiandika mwenyewe kwa mzaha mdogo siku ya mwisho, akijua haitatumika kamwe: *Mgeni atakayetimiza kanuni zote zilizotangulia ataongozwa na Mhifadhi Mkuu mwenyewe.*

Akatazama saa. Akiharakisha, angeweza kumshusha, kumlowesha, kumnywesha chai na kumtoa kabla Waziri hajafika. Na kama Koplo Nyamizi asingetamka neno, sifuri ingebaki sifuri.

"Koplo," alinong'ona, "Waziri akiuliza, hujaona mtu."

"Afande, mimi nina macho mawili na mtoto wa kusomesha. Nitajitahidi kutoulizwa."

Kulikuwa na ngazi mia nne za mawe kuteremka mtoni, na ukweli ambao Wizara haikuujua ni kwamba Makwega hakuwahi kuzishuka. Kanuni zake zote aliziandika ofisini, akitazama kalenda yenye picha ya korongo la nchi nyingine. Sasa alishuka akiwa ameshikilia ukuta, nyuma ya Bi Sikudhani aliyekuwa akihesabu ngazi kwa wimbo. Kila hatua kumi palikuwa na bango: USIGUSE. USIEGEMEE. USISHANGAE KWA SAUTI. Palipokuwa na mandhari nzuri kuliko zote palisimikwa bango pana lililoandikwa TAZAMA MANDHARI, nayo mandhari ilikuwa nyuma yake.

Kwenye ngazi ya mia mbili Makwega akaanza kuchechemea.

"Mwanangu, una nini?"

"Sina kitu, mama. Natembea kwa tahadhari."

"Una jiwe kiatuni."

"Haijathibitishwa."

Alikuwa nalo, tena lenye ncha. Lakini Kanuni ya 52 ilisema jiwe lililoingia kiatuni mwa mtu ni mali ya umma, lisitolewe mpaka afike Mhakiki wa Mawe kutoka makao makuu, na nafasi ya Mhakiki wa Mawe ilikuwa haijatangazwa. Makwega alishuka ngazi nyingine ishirini huku jasho linamtoka. Bi Sikudhani akachoka kumtazama. Akamkalisha kwenye jiwe kama mtoto wa chekechea, akamvua kiatu, akakikung'uta, na mali ya umma ikarukaruka genge zima mpaka chini.

Makwega alitaka kukasirika. Badala yake alijikuta anachezesha vidole vya mguu, na sura yake ikalegea kwa mara ya kwanza tangu ateuliwe.

Chini kabisa walikuta kidimbwi kipana, tulivu, chenye mchanga upande mmoja. Bi Sikudhani alisimama akakiangalia. Kisha akatandika mkeka, akavua gauni, akabaki na kanga aliyojifunga kifuani, na gauni akalikunja vizuri juu ya jiwe.

"Kanuni ya 17," Makwega alisema haraka, akitazama pembeni kwa heshima. "Nguo zibaki kavu."

"Hizo hapo. Kavu kabisa."

"Na hiyo kanga?"

"Soma ya 18."

Akasoma. Kanuni ya 18 ilihesabu kanga kuwa taulo. Alipoinua macho, Bi Sikudhani alikuwa katikati ya maji, anapiga makasia kwa mikono yake miembamba, kichwa juu, ametulia kama bata. Alikwenda mpaka ng'ambo, akagusa mwamba, akarudi. Alikuwa anatabasamu, na macho yake yalikuwa yamelowa kuliko maji ya mto yalivyoweza kulowesha.

"Watoto wa kijiji kizima nimewafundisha hapa," alisema akishika jiwe. "Mia na zaidi. Sasa wajukuu zangu wanakaa kule juu, wanaoga kwa kikombe. Mkubwa ana miaka kumi na sita, na maji yakimfika magotini anaita mama yake."

Makwega hakujua la kujibu, na mtumishi wa umma asiyejua la kujibu hupima kitu. Kanuni ya 66 ilitaka afisa msimamizi asimame mita tatu kamili kutoka kwenye maji. Akatoa futi ya mkanda mfukoni, akaweka ncha ukingoni, akaanza kurudi nyuma akisoma namba: mita moja, mita moja na nusu, mita mbili. Kwa bahati mbaya alikuwa amesimama kwenye ulimi wa mwamba, na nyuma yake pia palikuwa na maji. Alipofika mita mbili na sentimita arobaini, nchi ikaisha.

Maji ya pale yalikuwa na kina, na Makwega hakujua kuogelea. Alizama na tai yake, akaibuka na kitabu cha Kanuni kichwani. Alitaka kupiga kelele, lakini hata wakati huo alikumbuka Kanuni ya 31 na mwangwi.

"Msaada," alinong'ona.

"Unasemaje?" aliuliza Bi Sikudhani kutoka upande wa pili.

"Msaada," alinong'ona tena, kwa nguvu kidogo zaidi, akazama.

Bi Sikudhani alipanda mwamba kwa magoti yake yenye cheti, akanyakua ile kamba ya mbwa, akaitupa. Ikaanguka mbele ya pua ya Makwega. Naye akaitazama kwa mashaka.

"Hiyo ni ya mbwa!" alisema huku anakunywa mto.

"Basi bweka!"

Wapo wanaosema alibweka. Ripoti rasmi haisemi kitu juu ya jambo hilo. Kinachojulikana ni kwamba aliishika kamba kwa mikono miwili, akavutwa mpaka mchangani, akalala hapo kifudifudi akikohoa, akiwa hai, na akiwa amevunja kanuni kumi na tisa kwa hesabu ya haraka.

Saa sita kasoro dakika kumi, Waziri Profesa Balthazari Ngogo alifika langoni na magari saba, bendi ya tarumbeta, mwanasheria wa Wizara, na cheti kilichowekwa kwenye fremu kubwa kama dirisha. Hakuona mwenyeji wa kumpokea ila Koplo Nyamizi, aliyekuwa amepiga saluti huku amefumba macho.

"Mhifadhi yuko wapi?"

"Ameshuka korongoni, Mheshimiwa."

"Peke yake?"

Koplo Nyamizi alifungua jicho moja. Alikuwa ameulizwa. "Na kamba ya mbwa, Mheshimiwa," alisema, na hilo lilikuwa kweli.

Waziri, aliyekuwa ameshaandaa hotuba ya saa mbili kuhusu utulivu wa hifadhi zisizo na watu, aliamua hotuba hiyo ingependeza zaidi huko chini. Msafara wote ukashuka ngazi mia nne, tarumbeta zikigonga kuta, mwanasheria akisoma mabango na kuyasifia tahajia. Walipotokeza mchangani wakasimama.

Sare ya Mhifadhi Mkuu ilikuwa imeanikwa kwenye bango la USIANIKE. Mhifadhi mwenyewe alikuwa ameketi kwenye mkeka, amejifunga kanga ya pili ya Bi Sikudhani, yenye maua ya zambarau, ana kiazi kitamu mkononi na kikombe cha chai mbele yake. Moto ulikuwa unatoa moshi, na joto vilevile.

"Makwega!" alisema Waziri. "Nini hiki?"

Makwega alisimama, akakumbuka kanga, akaketi tena. Kwa mara ya kwanza maishani mwake hakuwa na kanuni ya kumsaidia. Ofisi yenye zulia ilikuwa inaondoka mbele ya macho yake. Angeweza kusema kwamba huyu mama alijipenyeza. Wangemkamata, cheti kingebaki chake, na jioni angekuwa Mkurugenzi. Alimtazama Bi Sikudhani, ambaye alikuwa anamenya kiazi kingine na kukiweka upande wake.

"Nilianguka mtoni, Mheshimiwa," alisema. "Huyu mama ameniokoa. Ameingia kihalali, nyaraka zake zimetimia kuliko zangu. Ni mgeni. Takwimu yetu si sifuri tena. Ni moja."

Tarumbeta moja ililia yenyewe kwa mshtuko. Waziri alishika fremu kwa nguvu.

"Mgeni nani?" aliuliza Bi Sikudhani.

"Wewe, mama," alisema mwanasheria.

"Mimi? Kitovu changu kimezikwa chini ya jiwe lile pale. Mama yangu alinizaa hatua thelathini kutoka hapa, na bibi yangu ndiye aliyempokea. Mimi ni mgeni kwa nani?" Akanyoosha kidole kilichoshika kisu cha viazi. "Mgeni ni huyu, kaletwa juzi na barua. Na wewe, baba wa fremu, sijawahi kukuona hapa hata siku moja. Na hao wenye mabomba ya kupuliza pia."

Mwanasheria alifungua Kanuni, akasoma, akabadilika rangi. Akamvuta Waziri kando, lakini korongo lilikuwa na mwangwi na kila mtu alisikia.

"Mheshimiwa, ana hoja. Kanuni zote ni za wageni, mwenyeji hazimhusu. Sisi ndio tunaohusika. Tumeingia wageni arobaini na wawili bila barua ya imamu. Bila cheti cha raba." Akageuza ukurasa. "Bila kamba."

"Maana yake?"

"Takwimu haitakuwa moja. Itakuwa arobaini na tatu, pamoja na Makwega, wote wakiwa wavunjaji wa sheria, wakiongozwa na wewe."

Waziri Ngogo alikuwa profesa, na alielewa haraka. "Hakuna njia?"

"Ipo moja. Kanuni zinahusu wageni wa Hifadhi. Mwenyeji akitukaribisha yeye, tunakuwa wageni wake. Hifadhi haituhesabu."

Bendi, walinzi, wapiga picha, wote walimgeukia mama aliyevaa kanga iliyolowa. Waziri wa Mandhari, Mapumziko na Nidhamu akasogea, akaweka fremu chini, akapiga hodi kwenye hewa kama anayegonga mlango.

"Hodi, mama."

Bi Sikudhani alimenya kiazi mpaka mwisho.

"Kwangu kuna masharti," alisema.

"Mangapi?" Waziri aliuliza kwa woga.

"Matatu tu. La kwanza, watu wangu wa kule juu ni wenyeji kama mimi, kwa hiyo washuke leo hii na siku yoyote watakayo, bila karatasi, na uliandike hapa nikikuona. La pili, mtu hakanyagi mkeka wangu na viatu. La tatu, anayekula kwangu anaosha chombo."

Waziri aliandika nyuma ya cheti cha Hifadhi Bora, kwa kuwa hapakuwa na karatasi nyingine. Mwanasheria akagonga muhuri, ambao hutembea nao hata anapooga. Ndipo Bi Sikudhani akasema, "Karibuni, wanangu," na watu arobaini na wawili wakavua viatu kwa pamoja.

Mmoja wa bendi alipanda ngazi kwenda kuwaita wa mlimani, na hakufika mbali kabla ya kukutana nao. Walikuwa wamesikia tarumbeta wakadhani ni harusi. Walishuka na watoto, na ndoo, na mbuzi mmoja asiyetarajiwa. Wazee waliingia majini moja kwa moja kama wanaorudi chumbani mwao. Vijana walisimama ukingoni wakijifanya hawaogopi, mpaka Bi Sikudhani alipowapangia mstari, na mwisho wa mstari huo akamsimamisha Makwega.

Zulia la makao makuu alipewa mtu mwingine mwezi uliofuata. Makwega aliandika barua akaomba abaki, na sababu aliyoitaja ilikuwa "mafunzo yanaendelea", jambo ambalo Wizara haikuweza kulipinga kwa kuwa hakuna aliyejua ni mafunzo gani. Lakini hayo yalikuja baadaye. Alhamisi ile alikuwa bado majini mpaka kiunoni, amekakamaa, kiganja cha Bi Sikudhani kikiwa chini ya mgongo wake.

"Legea," alimwambia. "Maji hayana habari na cheo chako."

Makwega akafumba macho, akalegea. Miguu ikapanda yenyewe. Masikio yakazama, kelele zote zikawa mbali, na alipofumbua macho akaona juu ukanda mwembamba wa anga kati ya kuta mbili nyekundu. Hakutambua ni saa ngapi kile kiganja kilikuwa kimeondoka.

Kilikuwa kimeondoka kwa sababu Bi Sikudhani aliitwa mchangani. Profesa Balthazari Ngogo alikuwa amechuchumaa ukingoni, mikono ya shati imekunjwa, mchanga mpaka kwenye viwiko, ameinua sufuria ili ikaguliwe.

"Imetakata, mama?"

Bi Sikudhani aliigeuza, akakitazama kitako chake kwenye mwanga, akamrudishia.

"Bado. Pale chini kuna masizi."